Usiku wa Nanga: Muziki Uliotaka Watu Wakae Karibu

Nanga haina sauti kubwa. Ni ubao uliokombwa katikati kama mtumbwi mfupi, na juu yake umepitishwa uzi mmoja tu, unaokwenda na kurudi kwenye mapengo yaliyochongwa ncha hii na ncha ile, mpaka nyuzi zinafika saba au nane. Zamani uzi huo ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe. Baadaye ukaja wa katani, na siku hizi ni nailoni. Mpigaji hukaa kitako, nanga ikiwa mbele yake au mapajani, akazidonoadonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba. Ukisimama mlangoni na watu wawili wanazungumza ndani, hutaambulia kitu.

Udhaifu huo wa sauti ndio uliotengeneza mila nzima ya burudani ya usiku katika Buhaya, nchi ya migomba na kahawa iliyo magharibi ya Ziwa Victoria. Chombo kisichosikika mbali hakiwezi kupigwa uwanjani. Kinataka nyumba, kinataka usiku, kinataka watu walionyamaza kwa hiari yao. Kwa vizazi vingi, Mhaya aliyesema kwamba jana alikuwa na usiku mzuri wa muziki hakuwa na maana kwamba kulikuwa na umati. Alikuwa na maana kwamba alipata nafasi ya kukaa karibu.

Leo mambo yamegeuka. Atakayepita Kagoma Jumamosi ya harusi, kwenye barabara ya lami inayotoka Bukoba, ikapita Muhutwe na kuendelea hadi Muleba, Biharamulo na Lusahunga, ataisikia sherehe kabla hajaiona. Besi inapenya migomba, inavuka barabara, inaingia hata kwa jirani ambaye hakualikwa. Mshereheshaji anataja majina ya wachangiaji, jenereta inanguruma nyuma ya turubai, na vijana wa muziki wamepanga spika mbili mbili. Kutoka msonge wa nanga mpaka turubai hilo ni safari ya karne moja na zaidi, na haikupita njia iliyonyooka.

Ianzie ikulu. Kabla ya ukoloni Buhaya haikuwa nchi moja bali falme kadhaa, kila moja na Mukama wake, yaani mfalme: Kiziba kaskazini, Kyamutwara na matawi yaliyochipuka kutoka kwake, Ihangiro kusini, na Karagwe ndani zaidi upande wa magharibi. Kiziba ilitawaliwa na Babito, ndugu wa wafalme wa Bunyoro. Kwingineko kwingi walitawala Bahinda, wanaohesabu ukoo wao kutoka kwa Ruhinda. Mwezi ulipoandama, ngoma za ikulu zilipigwa, na pamoja nazo amakondere, pembe za kupuliza zinazofanana na zile za Bunyoro. Hapo ndipo palikuwa na kelele, vumbi na watu wengi. Wanaume walijitokeza mmoja mmoja na mkuki mkononi kutoa ebyebugo, tambo za ushujaa: mtu anakimbia mbele, anasimama kwa kishindo mbele ya Mukama, anataja ukoo wake, vita alivyopigana na adui aliyemwangusha, anamaliza kwa heshima na kurudi nyuma. Majivuno hayo yalikuwa na kanuni zake. Aliyetamba uongo alijulikana papo hapo, maana mashahidi walikuwa wamekaa palepale.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya nje ya sherehe. Sehemu ya ndani ilianza giza lilipotanda.

Ndani ya msonge, sakafu imetandazwa nyasi, na wageni wamekaa juu yake, wazee mbele na vijana nyuma. Kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi na mtama, kinapita. Kijikapu kidogo cha kahawa nacho kinapita: buni za robusta zilizovunwa, zikachemshwa na kukaushwa, za kutafuna polepole. Wahaya walitafuna kahawa muda mrefu kabla Mzungu hajafika, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa kwa nini buni zinafaa katika shughuli inayoendelea hadi usiku wa manane. Mpiga nanga anaanza na nyuzi peke yake, kana kwamba hana haraka ya kusema lolote. Anazungusha kipande kifupi, anakirudia, anakirudia tena. Halafu sauti inaingia, mara ya kuimba, mara ya kusema tu, mara ya haraka isiyo na pumzi, na hadithi inaanza kutembea.

Hadithi hizo zilikuwa ndefu. Nyingine zilikuwa za visasili, kama kile cha Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, ambaye wavuvi wa pwani ya Buhaya hawakuthubutu kumsahau. Nyingine zilikuwa za mashujaa, kama Rukiza na Kachwenyanja. Mpiga nanga hakuzikariri neno kwa neno kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Alikuwa na mifupa ya kisa kichwani, na nyama aliiweka usiku huohuo, kwa kutazama nani amekaa mbele yake. Kama mgeni wa heshima alitoka ukoo fulani, ukoo huo ungepata sifa zake njiani. Kama wasikilizaji walianza kusinzia, vita vilikuja mapema.

Na wasikilizaji hawakukaa kama magogo. Walijibu, walishangaa kwa sauti, walimhimiza, waliitikia kibwagizo. Tabia hiyo haikuwa ya nanga tu. Mmarekani Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Kihaya na kuchapisha kitabu chake mwaka 1980, alikiita kitabu hicho kwa maneno ambayo wasikilizaji humwambia msimulizi kabla hajaanza: kwamba aone, ili nao wapate kuona. Msimulizi asiyepewa ruhusa hiyo hana hadithi. Kwa mila hii, nusu ya utendi, yaani hadithi hiyo ndefu ya kuimbwa, ilikuwa mikononi mwa mtu mwenye nanga, na nusu nyingine ilikuwa juu ya zile nyasi za sakafuni. Mengi yaliyotokea baadaye yanaeleweka vizuri zaidi kwa kuangalia kilichoipata nusu hiyo ya pili.

Wakoloni walifika haraka. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na miaka miwili baadaye Mapadre Weupe walikuwa Kashozi. Wajerumani walitawala kupitia kwa Bakama, wakawapendelea waliokubaliana nao. Kahigi, Mukama wa Kianja, ndiye aliyenufaika kuliko wote, na ikulu yake ya Kanazi ingali ikionyeshwa kwa wageni. Ofisa mmoja Mjerumani, Hermann Rehse, aliandika kitabu kizima kuhusu Kiziba kilichotoka mwaka 1910, akiwa amesaidiwa na kijana msomi wa ikulu, Francis Xavier Lwamgira. Lwamgira mwenyewe baadaye alikuja kuandika historia ya Kiziba na wafalme wake kwa Kihaya, ikachapishwa mwaka 1949. Huu ni msaada mkubwa, kwa sababu mambo mengi ya ikulu za kale yasingejulikana leo bila kalamu ya mtu aliyeishi ndani yake.

Lakini kilichoitoa nanga ikulu hakikuwa kanuni ya Mjerumani wala mahubiri ya padre. Ilikuwa kahawa. Wakulima walipoanza kupata fedha zao wenyewe, mpiga nanga hakulazimika tena kumtegemea Mukama kwa ng'ombe na shamba. Aliweza kualikwa na mkulima aliyeuza vizuri msimu huu, au kukaa kilabuni siku ya mnada. Mwaka 1950 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, na katika muongo huo bei ya kahawa ilikuwa ya kuchekesha meno. Nyumba za bati ziliongezeka, baiskeli zikaongezeka, watoto wakapelekwa shule, na santuri zikaingia sebuleni. Msanii alipata mabwana wengi zaidi, na wakati huohuo akapata mshindani wa kwanza asiyechoka wala kunywa rubisi.

Mwaka huohuo wa 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika na kujitwisha kazi ya kurekodi muziki wa bara hili, alipita Tanganyika na vyombo vyake, na Buhaya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Alirekodi nanga, akarekodi tambo, akarekodi waimbaji. Bila yeye masikio ya leo yasingekuwa na kitu cha miaka ile. Hata hivyo kuna jambo ambalo mashine haikuweza. Sahani ya santuri ya wakati ule ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande. Utendi uliozoea kumaliza usiku ulilazimika kuwa wimbo. Ukiusikiliza unapata sauti, unapata nyuzi, unapata ufundi wa vidole. Usichopata ni mtu kuzunguka mbali na hadithi yake kisha kurudi baada ya nusu saa, huku ukumbi ukimsubiri.

Baadaye ukazuka mzozo wa kitaaluma kuhusu tendi za aina hiyo. Mwaka 1970, Ruth Finnegan katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika alidai kwamba utendi kwa maana halisi hauonekani sana kusini mwa Sahara. Wasomi wengi wa Kiafrika hawakukubali; Isidore Okpewho wa Nigeria alijibu kwa kitabu mwaka 1979. Kutoka Tanzania jibu lilitoka kwa mwana wa Bukoba, Mugyabuso Mulokozi, ambaye wasomaji wengi wanamfahamu kwa tamthiliya yake ya Mukwava wa Uhehe na kwa diwani aliyoandika na Kulikoyela Kahigi. Mulokozi alirudi nyumbani na kinasa sauti. Alikaa na wapiga nanga, miongoni mwao Habib Suleiman, aliyekuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa kizazi chake, akawaacha wamalize. Mwaka 1983 alichapisha makala yenye swali kwenye kichwa chake: je, wapiga nanga wa Tanzania ni wasanii wa tendi? Jibu lake lilikuwa ndiyo, na alilitetea kwa tasnifu nzima mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kwa kitabu mwaka 2002.

Mtu asiyependa mabishano ya maprofesa anaweza kudhani hili ni suala la majina tu. Sivyo. Hoja ya Mulokozi yenye uzito ni kwamba utendi hauwezi kupimwa kwa mistari iliyo kwenye karatasi peke yake. Lazima upimwe pamoja na tukio lenyewe, yaani mpigaji, chombo, saa ya usiku na watu waliokaa. Aliyesoma maandishi bila kuhudhuria alikuwa ameona ngozi ya ng'ombe akadhani ameona ng'ombe. Ajabu ni kwamba jambo hili, ambalo kwa mzee yeyote wa Ihangiro lisingehitaji ushahidi, lilihitaji miaka kumi na mitatu na jarida la nje ili likubalike.

Kabla maprofesa hawajaanza kubishana, serikali ya nchi mpya ilikuwa na mawazo yake. Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais mnamo Desemba 1962, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba vijana waliojua rumba na chachacha hawakuzijua ngoma za mababu zao. Kikaja kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tamasha lake la kila mwaka limewaleta wasanii wa pande zote za nchi katika jukwaa moja. Nia ilikuwa njema na matunda yalionekana. Lakini sera hiyo ilipenda ngoma inayochezwa. Ngoma inaonekana kutoka jukwaa kuu, inapendeza kiongozi akipokewa uwanja wa ndege, haihitaji tafsiri. Omutoro, ngoma ya Wahaya ya kucheza, ulipata nafasi yake, na bado unachezwa. Mzee aliyekaa chini na ubao mapajani, akiimba kwa Kihaya kisa kisichoisha, hakuwa na pa kuwekwa katika gwaride.

Mwaka 1963 mamlaka ya machifu ilifutwa kisheria, na Bakama wakawa raia kama wengine. Mtu mwenye kupenda usawa hawezi kulilia hilo, hasa akikumbuka nyarubanja, ule mfumo wa ardhi uliomfanya mkulima awe mpangaji kwenye shamba alilolilima mwenyewe. Kwa nanga, hata hivyo, ilikuwa kupoteza nyumba kubwa iliyokuwa na desturi ya kunyamaza.

Kisha yakaja mambo mazito zaidi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera na kulilipua daraja la Kyaka. Vita vilipokwisha mwaka 1979, maadui wengine walikuwa njiani. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, wilaya ya Muleba. Katika miaka iliyofuata vijiji vya Bukoba na Muleba vilizika watu wa umri wa kufanya kazi, wazazi wa watoto wadogo, kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Nyumba yenye msiba haipigi muziki, na palipokuwa na matanga mfululizo, jirani naye alifunga redio. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Mila ya usiku wa nanga, ambayo hupokelewa kwa kijana kukaa nyuma ya mzee mwaka baada ya mwaka, ilikuwa inapoteza wazee na vijana kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana kilichotokea mwaka 2001 kinastahili kukumbukwa kwa furaha. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Rwongwe, Bukoba, Saida Karoli, alitoa albamu yake ya Maria Salome, chini ya mtayarishaji Felician Mutta. Wimbo uliobeba jina hilo, ambao Watanzania wengi wanauita Chambua Kama Karanga, ulikuwa wa Kihaya karibu wote. Kwa hesabu za kibiashara ilikuwa ni kujitafutia hasara: redio za FM zilikuwa zimefunguliwa, Bongo Fleva ilikuwa inapanda, na lugha ya soko ilikuwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Lakini kanda ile ilipigwa kwenye mabasi ya Mwanza, kwenye baa za Mbeya, kwenye daladala za Kariakoo. Ilivuka pia mpaka wa Uganda, ambako Kinyankole na Kihaya ni ndugu wa karibu.

Wengi waliocheza nyimbo hizo hawakuelewa maneno, lakini walijua mahali pa kuitikia. Hilo ndilo lililorudi. Saida hakupiga nanga, na asili ya uimbaji wake inasikika zaidi upande wa nyimbo za wanawake, zile za kumuaga bibi harusi, kuliko ule wa tendi za wanaume. Pengine hiyo ni bahati. Nanga ya Buhaya ilikuwa chombo cha wanaume, tofauti na kwa Wakiga wa Uganda ambako wanawake nao huipiga, na wanawake walikuwa na sherehe zao za usiku ambazo vitabu havikuziandika kwa kirefu. Sauti hiyo ya upande wa pili wa nyumba ndiyo iliyopata kuitikiwa na nchi nzima.

Septemba 10, 2016 ardhi ilitikisika Bukoba. Watu zaidi ya kumi walikufa, maelfu ya nyumba zilipata nyufa au kuanguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Mwezi huohuo Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa wimbo wao Salome, uliojengwa juu ya ule wa Saida. Watu waliokuwa wakilala nje kwa kuogopa mitetemeko walisikia simu zao zikipiga kiitikio cha nyumbani, kikiwa kimevalishwa mavazi ya Afrika nzima. Vijana waliozaliwa baada ya 2001 walipata habari kwamba kuna Salome mwingine aliyetangulia, na Saida, aliyekuwa amekaa kimya kwa muda, akarudi studio.

Sasa mkoa nao umejipangia tamasha. Katika miaka hii ya karibuni Kagera imeanzisha Ijuka Omuka, mwezi wa Desemba, likiwaita wana wa mkoa walioko Dar es Salaam na kwingineko warudi nyumbani, waone ndugu, wawekeze, wacheze. Desemba inafaa pia kwa sababu nyingine ambayo hakuna Mhaya anayehitaji kuelezwa: ni karibu na msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa. Jukwaa linakuwa kubwa, taa zinakuwa nyingi, na ratiba ina wasanii wa kila aina. Nanga ikipanda hapo hupewa kipaza sauti na dakika chache, zaidi kidogo ya zile za santuri ya 1950.

Huko Kagoma, chini ya turubai la harusi, kuna wakati mmoja ambapo spika huzimwa. Mzee wa upande wa bwana harusi husimama na mkuki, pengine fimbo tu kama mkuki haukupatikana, akatoa ebyebugo: ukoo, babu, babu wa babu, na siku hizi hata shahada ya kijana na kazi aliyonayo mjini. Wakwe hupiga kelele za kukubali au za kubisha. Akikosea jina la babu, sauti kutoka viti vya nyuma humsahihisha, na yeye hulazimika kuanza upya mstari ule.